Binti Amefaulu Kidato cha Sita: Je, Chuo Kikuu Ataingia?

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi wa Julai, nyumba nyingi nchini Tanzania hujaa vigelegele. Majirani huja kupongeza, shangazi hupiga simu kutoka mkoani, na baba huanza kutembea kifua mbele. Lakini miezi michache baadaye, katika baadhi ya nyumba hizo hizo, kimya huwa kimetanda. Binti hakuchaguliwa. Au amechaguliwa, lakini hana mkopo wala mtu wa kumlipia. Au alipata nafasi, na siku ya mwisho ya kuithibitisha ikapita bila mtu yeyote nyumbani kujua kwamba kulikuwa na siku kama hiyo.

Akina mama wenzetu, mwezi huu tumeona vema tulizungumze jambo hili mapema, kabla msimu wa maombi haujafika. Wazazi wengi hudhani kwamba kazi yao huishia kwenye ada ya sekondari, na kwamba baada ya hapo chuo kikuu ni shauri la mtoto na serikali. Sivyo. Chuo kikuu hutazama mambo matatu: alama, hati na muda. Alama ni jasho la mtoto mwenyewe. Lakini hati na muda ni mambo ambayo nyumba nzima inaweza kuyashughulikia, na mara nyingi mama ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la vyeti.

Daraja moja, majibu mawili

Tuanze na alama, maana hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto amepata daraja la pili au la tatu, hudhani tayari anajua kama mtoto ataingia chuo kikuu au la. Ukweli ni kwamba chuo hakiulizi daraja. Kinauliza alama za masomo.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TCU, imeweka kiwango cha chini kwa wanaotoka kidato cha sita. Mwombaji awe amefaulu masomo mawili makuu kwa kiwango ambacho wanafunzi hukiita prinsipo, yaani kuanzia A hadi E, na masomo hayo mawili yampe jumla ya pointi zisizopungua 4. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Herufi S ni nusu pointi tu, na haihesabiwi kuwa prinsipo.

Sasa tuchukue mfano wa wasichana wawili waliosoma darasa moja. Wa kwanza amepata C, E na S. Wa pili amepata D, E na E. Baraza la Mitihani likiwapangia madaraja, wote wawili wana daraja la tatu, tena kwa hesabu ile ile ya 14. Ukimwuliza jirani, atakwambia huyu wa pili ndiye mwenye nafuu, kwa kuwa amepata prinsipo tatu na mwenzake ana mbili. Lakini hesabu ya chuo ni nyingine. Wa kwanza ana C na E: 3 na 1 ni 4, amefikisha. Wa pili masomo yake mawili bora ni D na E: 2 na 1 ni 3, hakufikisha. Ile E ya tatu haimwongezei kitu katika hesabu hii.

Mama, chukua karatasi na kalamu ufanye hesabu hiyo mwenyewe. Haihitaji usomi, na itakuepusha na mambo mawili mabaya: kumkatia tamaa mtoto mwenye sifa, na kutumia fedha kuomba mahali ambapo mtoto hawezi kuchaguliwa.

Tena tukumbuke kwamba pointi 4 ni kizingiti cha chini tu. Kila kozi ina masharti yake juu ya hayo. Anayetaka udaktari lazima awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, masomo yote matatu, kwa alama za juu zaidi ya kizingiti hicho. Kozi nyingi za uhasibu, uchumi na uhandisi hutazama pia Hisabati, wakati mwingine hata ile ya kidato cha nne. Na mahali ambapo waombaji ni wengi kuliko nafasi, wenye alama za juu hutangulia. Kuwa na sifa ni kuruhusiwa kupanga foleni. Si ahadi ya kufika dirishani.

Mlango huanza kufunguliwa sekondari

Kwa sababu hiyo, mazungumzo ya chuo kikuu hayawezi kusubiri kidato cha sita. Msichana anayeacha Fizikia na Kemia akiwa bado mdogo, kwa kuwa kaka zake wamemwambia kwamba hayo ni masomo ya wavulana, amejifungia milango ya uuguzi, ufamasia na uhandisi kabla hajaijua. Anayeichukia Hisabati na kuridhika na F kidato cha nne anaweza kukuta F hiyo ikimsubiri miaka miwili baadaye kwenye masharti ya kozi aipendayo.

Kuingia kidato cha tano nako kuna sharti lake la alama C au zaidi katika masomo matatu. Halafu huja uchaguzi wa mchepuo, ambao siku hizi huitwa tahasusi. Zamani tahasusi zilikuwa chache na wazazi walizijua kwa herufi: PCB, PCM, HGL, HKL, EGM na nyinginezo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza orodha iliyopanuliwa hadi kufikia tahasusi 65. Nafasi ya kuchagua imeongezeka, na nafasi ya kukosea imeongezeka pia. Kabla binti hajakubali tahasusi yoyote, ulizeni swali moja: hii inaelekea kwenye kozi zipi? Mwalimu wa taaluma shuleni anaweza kuwajibu.

Jina moja, vyeti vitatu

Sasa tuje kwenye hati. Hapa wengi huumia pasipo sababu.

Mtoto alizaliwa akaitwa Neema. Alipobatizwa akapewa jina lingine. Alipoanza darasa la kwanza mwalimu akaandika jina la babu badala ya la baba. Cheti cha kuzaliwa kikatafutwa miaka kumi baadaye, kikaandikwa kwa tahajia tofauti. Nyumbani hakuna tatizo, wote tunajua kwamba ni yule yule Neema. Lakini mfumo wa maombi haumjui Neema. Unajua namba ya mtihani ya kidato cha nne na majina yaliyosajiliwa nayo. Majina ya cheti cha kuzaliwa yasipolingana na hayo, mwombaji wa mkopo hujikuta akihangaika na viapo mahakamani na safari za mjini wakati wenzake wamekwisha kutuma maombi.

Kurekebisha majina kabla ya mtihani kufanyika ni kazi ya siku chache shuleni. Baada ya cheti cha taifa kutoka, ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo mtoto anapojaza fomu za usajili wa mtihani wa kidato cha nne, mama kaa naye. Wekeni cheti cha kuzaliwa mezani, mlinganishe herufi kwa herufi.

Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, kitafuteni sasa. Kwa Tanzania Bara, Bodi ya Mikopo hutaka cheti hicho kiwe kimehakikiwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa Zanzibar kazi hiyo hufanywa na wakala wa usajili wa huko. Ikiwa mzazi mmoja au wote wamefariki, vyeti vya vifo navyo huhitajika na huhakikiwa vivyo hivyo. Wajane wengi hawakuvichukua vyeti hivyo wakati wa msiba, na si ajabu, maana nani hufikiria karatasi wakati wa kilio? Lakini yatima asiye na cheti cha kifo cha baba yake hana namna ya kuthibitisha uyatima wake mbele ya Bodi.

Maombi yana siku zake

Miaka ya nyuma mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia mwaka 2010 maombi mengi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 utaratibu huo ulibadilika, na mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka. Anaweza kuomba zaidi ya chuo kimoja. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha vyuo, kozi, sifa zinazotakiwa na idadi ya nafasi. Kuna mwongozo wa wanaotoka kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada. Mwongozo huo husomwa bure katika tovuti ya Tume. Usimlipe mtu wa mtaani anayedai anauza siri za kuchaguliwa.

Katika mwongozo huo angalia pia kama chuo chenyewe kimeruhusiwa kudahili mwaka huo na kwa kozi hiyo. Hili si jambo dogo. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Jengo zuri na bango kubwa barabarani havitoshi kuwa ushahidi.

Kuna jambo jingine linalowapata vijana wetu. Tangu mwaka 2013, wahitimu wa kidato cha sita hupelekwa katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na huenda binti akawa huko wakati matokeo yanatoka na dirisha la maombi linafunguliwa. Simu ni shida, intaneti ni shida. Mama aliyebaki nyumbani na nakala za vyeti, namba ya mtihani na orodha ya kozi walizokubaliana anaweza kumsaidia sana. Mama ambaye kila kitu kimefungiwa kwenye begi lililokwenda kambini atabaki akisikiliza taarifa redioni tu.

Halafu kuna kuthibitisha. Mwombaji aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi hutakiwa kuchagua kimoja na kukithibitisha kwa namba maalumu anayotumiwa, katika siku zilizowekwa. Namba hiyo hutumwa kwenye simu aliyoandika wakati wa kuomba. Tunawasihi: isiwe simu ya mjomba anayebadilisha laini kila mwezi. Asipothibitisha kwa wakati, nafasi aliyoihangaikia inaweza kupewa mwingine.

Mkopo si zawadi, wala si aibu

Kuchaguliwa na chuo ni jambo moja, kupata mkopo ni jingine, na maombi yake ni tofauti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mkopo wake unaweza kugharamia ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Si kila mwombaji hupata, na si kila anayepata hupewa kiasi chote. Wanaotangulizwa ni wahitaji, na uhitaji hupimwa kwa hati. Maneno matupu hayatoshi.

Wapo wazazi wanaoona haya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba sahihi, wasije wakaonekana maskini. Wapo pia wanaodhani mkopo huu ni sadaka isiyorudi. Wote wanakosea. Ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi limalizike. Binti alijue hilo tangu mwanzo, asishtuke atakapopata hati yake ya kwanza ya mshahara. Lakini deni lililomfanya mtu kuwa mwalimu au mhandisi si la kuogopwa kama deni la sherehe.

Kwa wasomao sayansi, tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita. Na tangu 2023/24 Bodi imeanza kukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Mwaka mmoja wa kupumzika

Mara nyingi nafasi inapokosekana husemwa: "Basi apumzike nyumbani mwaka mmoja, ataomba tena." Kwa kijana wa kiume mwaka huo huweza kupita salama. Kwa msichana tunaomba wazazi wafikiri mara mbili, na historia ya nchi yetu ina la kutufundisha.

Mwaka 1974 lilipitishwa Azimio la Musoma. Lengo lake lilikuwa jema: kuzuia chuo kikuu kisizae watu wanaojiona mabwana juu ya wananchi. Iliamuliwa kwamba mtu asitoke shule na kuingia chuoni moja kwa moja. Kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na apate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Sharti lilikuwa moja kwa wote, wavulana na wasichana. Lakini halikuwaangukia sawasawa. Katika miaka ile ya kusubiri wasichana waliolewa, wakapata watoto, wakabanwa na kazi za nyumbani, na idadi ya wanawake waliokuwa wakiingia chuoni ikashuka. Ndani ya miaka michache serikali iliona, na kuanzia mwaka 1976 wanawake wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita.

Azimio limekwisha pita, lakini kisa chake bado kinatufaa. Kila kucheleweshwa humgharimu msichana zaidi. Kama ni lazima asubiri, basi mwaka huo uwe na kazi yenye jina: kurudia mtihani, kusoma cheti au stashahada, au kujifunza ufundi huku akijiandaa. Asibaki tu kuwa msaidizi wa kila mtu nyumbani.

Njia nyingine zipo

Tumrudie yule msichana mwenye D, E na E. Mlango mkubwa umefungwa, lakini nyumba ina milango mingi. Anaweza kusoma stashahada. Mwenye stashahada yenye wastani, yaani GPA, usiopungua 3.0, na aliyefaulu angalau masomo manne kidato cha nne, anaweza kuomba shahada. Vyeti vyake vitahitaji namba ya uhakiki kutoka NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi.

Au anaweza kujiunga na kozi ya fandesheni ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu ambao hawawezi kuacha shughuli zao. Kozi hiyo humpokea hata aliyepata pointi 1.5 katika masomo mawili kidato cha sita, na akimaliza kwa wastani wa 3.0 pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo ya fani yake, anaweza kuomba shahada.

Na wewe mama unayesoma haya ukijua kwamba uliacha shule kwa mimba au kwa ndoa, habari hizi ni zako pia. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya ujauzito kurudi katika shule za kawaida. Kwa waliokwisha kuwa watu wazima, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, upo Mtihani wa Maarifa unaompa mtu ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, na ipo nafasi ya kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Njia ni ndefu, lakini ni njia.

Hata akishaingia chuoni, binti akiugua au akipata ujauzito si lazima aache masomo. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha kwa sababu inayokubalika. Ila lazima aombe kwa maandishi. Anayeondoka kimya kimya hupoteza nafasi yake. Aliyeandika barua huirudia.

Tufanye nini mwezi huu?

Tunapendekeza mambo manne. Kusanya vyeti vyote vya watoto na ulinganishe majina. Andika namba ya mtihani ya kila mtoto katika daftari linalokaa nyumbani. Kaa na binti, pamoja na baba yake, mtaje kozi tatu anazozitamani, kisha mtafute masharti yake katika mwongozo wa mwaka huu, maana masharti huweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Na katika umoja wenu wa akina mama kanisani, mwombeni mwalimu au kijana aliyeko chuoni aje awaeleze kwa saa moja jinsi maombi yanavyofanywa. Huenda jirani yako katika benchi ni mjane ambaye hajui kwamba mwanawe anahitaji cheti cha kifo cha baba.

Ada huenda hatuna wote. Lakini kusoma majina katika vyeti viwili na kuona kama yanalingana, hilo kila nyumba yenye mtu anayejua kusoma inaweza kulifanya leo jioni.